Jinsi Virusi vya Saratani Vinavyobadilisha Mazingira ya Uvimbe

Uvimbe wa saratani haujengwi na seli za saratani peke yake. Kinyama kilichokatwa kwa mgonjwa kikitazamwa kwa hadubini huonyesha pia mishipa midogo ya damu, seli za kinga za aina nyingi, seli zinazotengeneza nyuzi za tishu, na nyuzi zenyewe zilizopita katikati ya yote hayo. Wakati mwingine hizo seli nyingine ndizo nyingi zaidi. Katika limfoma ya Hodgkin, ambayo ni saratani ya matezi, mara nyingi seli zenye saratani hazizidi tano katika kila seli mia za uvimbe. Zilizobaki ni seli za kinga zilizoitwa mahali hapo kisha zikazuiwa kufanya kazi yake.

Mkusanyiko huo, pamoja na protini za ujumbe ambazo seli hutumiana na oksijeni inayofika mahali hapo, huitwa mazingira ya uvimbe. Mazingira ndiyo huamua kama seli moja iliyoharibika itauawa mapema, itakaa kimya kwa miaka, au itazaana na kusambaa. Katika saratani zinazotokana na virusi, mazingira hayo huanza kubadilika muda mrefu kabla uvimbe haujaonekana, na kinachoyabadilisha ni kirusi chenyewe.

Virusi saba vinajulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Virusi vya Epstein-Barr huhusishwa na limfoma ya Burkitt, limfoma ya Hodgkin, saratani ya koo la nyuma ya pua na sehemu ya saratani za tumbo. Virusi vya papiloma, vinavyofahamika zaidi kama HPV, husababisha saratani ya mlango wa kizazi na nyingine za sehemu za siri na za koo. Virusi vya homa ya ini B na C husababisha saratani ya ini. Virusi vya herpesi ya Kaposi husababisha saratani ya Kaposi. Viwili vilivyobaki ni HTLV-1, vinavyoleta aina moja ya saratani ya damu, na virusi vya Merkel, vinavyoleta saratani adimu ya ngozi. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2018 watu milioni 2.2 hivi duniani walipata saratani zilizotokana na maambukizi, yaani takriban 13 katika kila wagonjwa wapya 100. HPV ilihusika kwa wagonjwa wapatao 690,000, homa ya ini B kwa 360,000 na homa ya ini C kwa 160,000. Sehemu kubwa iliyobaki ilitokana na bakteria wa tumboni. Katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, saratani za maambukizi huchukua sehemu kubwa zaidi ya wastani huo wa dunia.

Saratani yenyewe haiambukizi. Kinachoambukiza ni kirusi, na wengi wa wanaokibeba hawapati saratani maisha yao yote.

Faida ya kirusi na bahati mbaya ya mwili

Kirusi hakina haja na saratani. Kinachohitaji ni mahali pa kukaa, nafasi ya kujinakili na njia ya kutoka kwenda kwa mtu mwingine. Saratani humuua mwenyeji, na mara nyingi seli iliyokwisha kuwa ya saratani haizalishi tena virusi vipya. Kwa upande wa kirusi, saratani ni mwisho wa njia.

Ila virusi vinavyoleta saratani vina tabia moja inayofanana: hukaa mwilini miaka mingi. Mafua huingia na kuondoka ndani ya siku chache. Epstein-Barr ikishaingia haitoki tena, na homa ya ini B iliyoingia utotoni inaweza kukaa miaka hamsini. Ili kukaa muda huo wote, kirusi hakina budi kushughulika na kinga ya mwili kila siku. Hujificha ili kisitambulike, huzima kengele ambazo seli iliyoambukizwa ingepiga, huwachosha askari wa kinga, na baadhi ya virusi hutengeneza protini zinazoiga zile za mwili na kutoa amri za uongo.

Kila moja ya mbinu hizo ina faida kwa kirusi kinachotaka kuishi. Zikijumuishwa, hutengeneza mahali ambapo seli iliyoharibika inaweza kukua bila kuguswa. Mabadiliko ya jeni yanayohitajika ili seli iwe ya saratani huja polepole, moja baada ya jingine. Katika mwili wenye kinga timamu, seli nyingi za namna hiyo huuawa zikiwa chache. Katika sehemu iliyokwisha kuandaliwa na kirusi, hupata muda wa kutosha.

Burkitt: kirusi na malaria pamoja

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Aliona wengine, akaandika kuhusu ugonjwa huo mwaka 1958, kisha akaanza kuulizia hospitali za nchi nyingine. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika wakichora ramani ya ugonjwa. Ramani hiyo ilifuata joto na mvua: ugonjwa ulikuwa mwingi katika maeneo yenye malaria ya mwaka mzima na haukuonekana katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwepo mtafiti Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli hizo. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani.

Epstein-Barr hupitia mate, na zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi duniani wanayo. Hukaa ndani ya seli B, zile chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Ikishatulia humo hufunga karibu jeni zake zote. Katika uvimbe wa Burkitt hubakiza protini moja tu inayoonekana mara zote, na protini hiyo ina muundo unaoifanya iwe vigumu kuvunjwa na kuonyeshwa juu ya seli, mahali ambapo seli T zinazoua zingeitambua. Seli imeambukizwa, lakini kwa nje haionyeshi ishara.

Malaria hukamilisha kazi kwa njia mbili. Kwanza, husukuma seli B zizaane kwa wingi na bila kukoma, na katika kuzaana huko kimeng'enya kinachokata na kurekebisha jeni za kingamwili hukosea na kukata mahali pasipostahili. Kosa linaloonekana karibu katika kila Burkitt ni jeni inayoitwa MYC kuhamishwa kutoka kromosomu ya 8 na kuwekwa karibu na jeni za kingamwili, ambako huwaka muda wote na kuilazimisha seli kugawanyika. Pili, malaria hudhoofisha ulinzi. Uchunguzi uliofanywa magharibi mwa Kenya ulilinganisha watoto wa eneo la Kisumu, lenye malaria ya kudumu, na watoto wa nyanda za juu za Nandi, ambako malaria hutokea mara chache. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 5 hadi 9, watoto wa Kisumu walikuwa na seli T dhaifu zaidi dhidi ya Epstein-Barr. Umri huo ndio ambao Burkitt hutokea zaidi.

Uvimbe wenyewe, ukitazamwa kwa hadubini, una sura ambayo wataalamu wa patholojia huiita mbingu yenye nyota. Seli za saratani, nyingi na nyeusi kwa rangi ya maabara, hujaza uwanja wote, na katikati yake huonekana madoa meupe. Madoa hayo ni makrofaji, seli za kinga ambazo kazi yake ni kula mabaki. Burkitt hukua haraka kuliko karibu saratani nyingine zote. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na nyingi hufa njiani. Makrofaji huja kula hizo mfu. Lakini makrofaji iliyokula seli nyingi zilizokufa hubadili tabia: huacha kuwa ya mapambano, ikawa ya ukarabati, na hutoa protini zinazotuliza uchochezi na kusaidia seli zilizo hai kukua. Hivyo hata vifo vya seli za saratani hugeuka kuwa msaada kwa zile zilizobaki.

Epstein-Barr ikiwa na sauti zaidi

Katika limfoma ya Hodgkin na katika saratani ya koo la nyuma ya pua, Epstein-Barr hufungua jeni zaidi. Mojawapo ni ya protini ya LMP1, ambayo huiga swichi ya kawaida ya seli B. Swichi ya mwili huwashwa pale tu seli T inapotoa ruhusa. LMP1 huwa imewashwa daima. Seli hupokea amri ya kuishi na kugawanyika bila kuruhusiwa na yeyote.

LMP1 hiyohiyo hubadilisha jirani. Huifanya seli iweke juu yake molekuli ya PD-L1, ambayo ikigusana na seli T huifungia breki. Huchochea pia kutolewa kwa protini za ujumbe zinazoita seli T za kutuliza, ambazo kwa kawaida hulinda mwili usijishambulie wenyewe. Ndiyo maana uvimbe wa Hodgkin unaweza kujaa seli za kinga na bado ukaendelea kukua: zilizoitwa ni zile za kutuliza, na zile za kuua zimefungwa breki.

Saratani ya koo la nyuma ya pua, iliyo nyingi kusini mwa China na katika Asia ya kusini-mashariki, na inayoonekana pia Afrika Kaskazini na Kenya, huongeza mbinu nyingine. Seli zake hutoa vifuko vidogo mno vya utando vyenye protini na vipande vya RNA za kirusi. Vifuko hivyo huingia katika seli za jirani ambazo hazijaambukizwa na kubadilisha tabia zake. Kirusi hufika kwa athari yake mahali ambapo chenyewe hakijaingia.

Epstein-Barr ina pia protini yake inayofanana sana na interlukini 10, protini ambayo mwili huitumia kupunguza makali ya kinga. Jeni yake iliibwa kutoka kwa wenyeji wa kale wa kirusi katika historia ndefu ya mageuzi. Kirusi kinapojizalisha hutoa protini hiyo, na seli za kinga zilizo karibu huipokea kama amri halali ya kupumzika.

Kaposi: mishipa ya damu isiyokamilika

Daktari Moritz Kaposi aliueleza ugonjwa uliobeba jina lake mjini Vienna mwaka 1872. Katika Uganda, Kongo na nchi jirani, ulikuwa ukijulikana kwa wanaume watu wazima miaka mingi kabla ya UKIMWI. VVU vilipoenea, ukawa miongoni mwa saratani zilizoonekana zaidi katika hospitali za ukanda huu. Chanzo chake kilipatikana mwaka 1994, pale Yuan Chang na Patrick Moore walipotambua kirusi kipya cha familia ya herpesi ndani ya madoa ya wagonjwa.

Hakuna saratani ya virusi inayoonyesha mazingira yaliyobadilishwa wazi kama hii, kwa sababu mabadiliko hayo huonekana kwa macho. Madoa ya Kaposi ni ya zambarau au ya kahawia nyeusi kwa kuwa ndani yake kuna mishipa mingi mipya, iliyojengwa vibaya, inayovuja chembe nyekundu za damu kwenye tishu. Maji yanayovuja pamoja nazo huvimbisha miguu ya mgonjwa.

Kirusi hiki kimebeba jeni zaidi ya kumi zilizochukuliwa kutoka kwa wenyeji wake. Kina interlukini 6 yake, inayochochea seli kuzaana na mishipa kuota. Kina kipokezi ambacho hutoa amri bila kusubiri ujumbe wowote, na amri hiyo huifanya seli imwage protini ya kuotesha mishipa ya damu. Kina protini tatu zinazoiga ishara za kuita seli za kinga, lakini huita zaidi zile zisizo hodari wa kuua seli zenye virusi. Na kina protini mbili zinazong'oa kutoka juu ya seli zile molekuli ambazo seli T huzitumia kutambua maambukizi.

Ndani ya uvimbe, seli nyingi zilizoambukizwa hukaa kimya, na ni chache tu zinazozalisha virusi kwa wakati mmoja. Hizo chache hutosha kuathiri kundi zima, kwa kuwa protini zinazomwagwa nazo hufika kwa majirani, walioambukizwa na wasioambukizwa. Katika hatua za mwanzo, doa likiwa bapa, sehemu ndogo tu ya seli zake huwa na kirusi. Likishakuwa kivimbe kilichoinuka, karibu zote huwa nacho. Kwa hiyo Kaposi huanza ikifanana zaidi na uchochezi wa tishu kuliko saratani, kisha hugeuka.

Mwendo huo unaweza kurudi nyuma. Wagonjwa wengi wenye VVU ambao Kaposi yao haijafika mbali hupata nafuu, na baadhi madoa hupotea kabisa, kwa kutumia dawa za kufubaza VVU tu. Dawa hizo haziui kirusi cha Kaposi. Zinachofanya ni kuirudisha kinga, na mazingira yaliyokuwa yakiulea uvimbe huondoka. Wagonjwa ambao ugonjwa umeenea huhitaji pia dawa za saratani.

HPV: ukimya wa miaka mingi

Epstein-Barr na Kaposi huita seli za kinga na kuzielekeza vibaya. HPV kwa sehemu kubwa ya maisha yake hufanya kinyume: hujitahidi kisiite yeyote.

Kirusi huingia kupitia michubuko midogo na kukaa katika tabaka la chini la ngozi laini ya mlango wa kizazi. Hakiingii katika damu. Hakiui seli. Hupanda juu pamoja na seli zinavyokua, na hutoka nazo zinapodondoka zikiwa zimekufa kifo chake cha kawaida. Kwa kuwa hakuna seli iliyopasuka, hakuna uchochezi, na kinga haipati habari. Protini za kirusi huongeza ukimya huo. E7 huzima njia ya tahadhari inayotambua DNA ngeni ndani ya seli. E5 huzuia molekuli za utambulisho zisifike juu ya seli. E6 na E7 hupunguza pia ishara zinazoziweka seli za Langerhans katika ngozi hiyo, na hizo ndizo seli za doria zinazobeba habari hadi kwenye matezi.

Pamoja na hayo, takriban wanawake tisa katika kila kumi walioambukizwa hukiondoa kirusi ndani ya miaka miwili hivi. Kwa wachache ambao kwao kirusi hubaki, hasa aina za 16 na 18 zinazosababisha karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, hali hubadilika polepole. Kipande cha DNA ya kirusi kinaweza kujipachika katika kromosomu ya seli, kikapoteza jeni iliyokuwa ikidhibiti E6 na E7. Hizo mbili huongezeka, na kuvunja walinzi wakuu wawili wa mgawanyiko wa seli, p53 na Rb. Kuanzia hapo ukimya huisha. Seli hutoa protini za kuotesha mishipa, na interlukini 6 inayozigeuza makrofaji zinazofika ziwe za kusaidia. Makrofaji hizo hutoa vimeng'enya vinavyokata utando wa chini wa tishu, na kizuizi kati ya ngozi na mwili wa ndani hufunguka. Seli T za kutuliza huongezeka. Kilichokuwa kidonda cha juu juu kinakuwa saratani inayopenya.

Safari hiyo huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida. Kwa mwenye kinga dhaifu inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Wanawake wanaoishi na VVU wana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani hii kuliko wasio na VVU, na Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo yenye viwango vya juu zaidi duniani.

Ini: jeraha lisilofunga

Ini hupokea damu yote inayotoka tumboni, iliyojaa vitu vigeni vya chakula na bakteria. Kwa hiyo kwa asili ni kiungo kinachovumilia. Lingeshambulia kila kigeni lingejiharibu lenyewe. Virusi vya homa ya ini B hutumia uvumilivu huo. Seli zilizoambukizwa humwaga katika damu vipande vya gamba la kirusi visivyo na kitu ndani, vikiwa vingi mara elfu kuliko virusi kamili au zaidi. Kingamwili hujishughulisha na maganda hayo. Seli T, kwa kuona shabaha ileile mwaka hadi mwaka, huchoka: hujaa breki ya PD-1 na kupoteza uwezo wa kuua.

Umri wa kuambukizwa huamua mengi. Mtoto mchanga anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban asilimia 95 wa kubaki na maambukizi ya kudumu. Mtu mzima ana chini ya asilimia 5. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 254 walikuwa na homa ya ini B ya kudumu mwaka 2022.

Seli T zilizochoka hazitoshi kuondoa kirusi, lakini hutosha kuendelea kuua seli za ini kidogo kidogo. Ini hujirekebisha, likauawa tena, likajirekebisha. Katika mzunguko huo huamka seli za nyota, ambazo katika ini zima huhifadhi vitamini A. Zikiamshwa huacha kazi hiyo na kuanza kusuka kolajeni. Kovu hujengeka, ini hukakamaa, damu hupita kwa shida, oksijeni hupungua, na seli zilizobaki hukua katika vifundo vilivyozungukwa na kovu. Kila mgawanyiko mpya ni nafasi ya kosa jipya la jeni. Homa ya ini B huongeza hatari kwa kupachika DNA yake katika kromosomu, na ndiyo maana inaweza kuleta saratani hata kwa mtu ambaye ini lake halijafika hatua ya kovu kubwa. Homa ya ini C haipachiki kitu. Saratani yake karibu daima hupitia kovu.

Katika nchi za joto kuna mshirika wa tatu, sumukuvu, inayotengenezwa na ukungu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Sumu hiyo huharibu p53 mahali maalumu. Mtu mwenye homa ya ini B anayekula sumukuvu mara kwa mara ana hatari kubwa zaidi kuliko mwenye kimoja kati ya hivyo viwili.

Dawa zinazolenga mazingira

Uelewa huu umebadilisha matibabu. Zamani dawa zilitafuta kuua seli za saratani moja kwa moja. Sasa kundi zima la dawa hulenga kilichoizunguka seli. James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba breki za kinga zinaweza kufunguliwa. Dawa za kufungua breki ya PD-1 au PD-L1 zimeidhinishwa nchini Marekani kwa saratani ya Merkel mwaka 2017, kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyoenea mwaka 2018, na kwa saratani ya koo la nyuma ya pua mwaka 2023. Saratani za virusi zina jambo moja linalozisaidia dawa hizo: protini za kirusi ni ngeni kabisa kwa mwili, hivyo breki ikifunguliwa seli T huwa na cha kutambua.

Kwa saratani ya ini, matibabu yaliyoidhinishwa mwaka 2020 huunganisha dawa mbili, atezolizumab inayofungua breki na bevacizumab inayozuia mishipa mipya ya damu. Mishipa mibovu ya uvimbe huzuia seli T zisipenye. Ikirekebishwa, seli hizo hupata njia. Kwa Kaposi, mwaka huohuo iliidhinishwa pomalidomide, kidonge kinachopunguza uotaji wa mishipa na kuamsha kinga. Na tangu mwishoni mwa 2022 Ulaya imeruhusu tiba ya seli T zilizofunzwa kutambua Epstein-Barr, zinazochukuliwa kwa mtu mwenye afya na kupewa wagonjwa wa limfoma inayotokea baada ya kupandikizwa kiungo.

Nyingi za tiba hizi ni ghali mno na hazipatikani katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Kinachopatikana, na chenye nguvu zaidi, ni kuzuia kirusi kisiingie kabisa. Rwanda ilianza chanjo ya HPV kwa wasichana wa nchi nzima mwaka 2011, Uganda mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Tafiti zilizofanywa Kenya na Mwanza zilisaidia kuonyesha kwamba dozi moja hutoa ulinzi mkubwa, na mwishoni mwa 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja. Chanjo ya homa ya ini B imo katika chanjo za watoto za wiki ya 6, 10 na 14, na Shirika hilo hupendekeza dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa sababu maambukizi ya siku za mwanzo ndiyo yanayodumu. Kwa Epstein-Barr na kirusi cha Kaposi chanjo bado hakuna. Huko kinga hupitia njia nyingine: kudhibiti malaria kwa watoto, na kuanza mapema dawa za kufubaza VVU.

Homa ya ini C haina chanjo lakini ina tiba. Vidonge vya wiki 8 hadi 12 humponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Hata hivyo, mgonjwa ambaye ini lake lilikwisha jaa kovu kabla ya kuponywa hubaki katika hatari ya saratani miaka mingi baada ya kirusi kutoweka. Kovu, mishipa iliyoharibika na vifundo vilivyoota humo huweza kuendelea kulea seli mbovu bila kirusi kilichovianzisha. Kwa hiyo mwenye kovu kubwa la ini huendelea kupimwa kwa utrasaundi kila miezi sita, hata kama kipimo cha damu hakionyeshi kirusi chochote.